Mwalimu Rehani Kibwana na Shamba Lisiloandikwa

Baada ya karibu miaka kumi na minane ya kufundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu katika Shule ya Ukarani ya Mtoni, hapa Morogoro mjini, Mwalimu Rehani Kibwana anastaafu leo, Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1958. Niliagizwa niandike kwamba anastaafu kwa hiari yake. Sikuandika hivyo, na mkisoma mpaka chini mtajua kwa nini.

Kwa desturi mstaafu wa shule yetu huandikiwa na mwalimu mwenzake. Safari hii walimu walipeana kazi hii kama watu wanaopeana kaa la moto, mpaka ikatua kwangu mimi mwanafunzi, Kristina Dominiko wa Matombo, mwaka wa pili. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu sisemi. Darasani nikiulizwa jambo natazama dawati, na jibu langu huja kesho yake kwa kalamu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, vyovyote watakavyo. Walidhani mtu asiyesema hana hasira. Hesabu hiyo wamekosea wao.

Mwalimu Rehani alizaliwa hapa hapa mjini, upande wa Mafiga, na kabla ya kushika chaki alishika funguo za stoo katika shamba moja la mkonge. Huko karani mkuu, Mgoa mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyemfundisha vitabu, na kila alipochafua ukurasa alichapwa rula ya vidole. Alipokuja kwetu mwaka 1941 aliapa kwamba hatamchapa mwanafunzi rula. Kiapo hicho amekitimiza. Ametuchapa kwa mdomo. Wako watu wazima mjini hapa, makarani wa maghala na wa vyama vya ushirika, ambao mpaka leo wakisikia sauti yake sokoni huficha karatasi waliyoshika.

Darasa la kwanza lilikuwa ghala la magunia. Kwa sababu ya vita karatasi zilikuwa adimu, kwa hiyo wanafunzi wale walijifunza kupiga mistari ya leja juu ya bahasha kuukuu zilizopasuliwa zikatandazwa. Mmoja wao, ambaye siku hizi ni karani wa stesheni, ameniambia kwamba akipokea barua bado hutamani kuigawanya bahasha yake pande mbili. Leo tuna madawati, tuna wino, na tuna ubao mpana. Vyote hivyo Mwalimu alivipata kwa kugombana na watu, maana hakuna kitu alichowahi kukiomba kwa sauti ya chini.

Majirani wa nyumba ya shule aliyopewa, huko huko Mafiga, walijua majira ya mitihani bila kalenda. Akisahihisha nyumbani alikuwa akifoka peke yake barazani kama mtu aliyeibiwa mbuzi, na mkewe, Bi Mwanaasha, aliwazuia wageni njiani: “Leo msilete ugomvi wenu hapa, jamani. Mume wangu anasahihisha.”

Makosa yetu aliyapa majina, na majina hayo yamebaki hata kwa watu waliosahau mengine yote. Kuandika kushoto kilichotakiwa kulia aliita kuvaa viatu kinyume. Hilo ndilo kosa la wengi katika miezi ya mwanzo, naye alilichukulia kama surua, kwamba kila mtoto atalipata na wengi watapona. Baiskeli ndani ya unga ni pale mwenye duka anaponunua baiskeli ya kubebea mizigo, halafu mwanafunzi akaiandika pamoja na unga na sukari, kama bidhaa ya kuuza. “Haya, binti, nipimie ratili mbili za baiskeli!” Aliniambia hivyo siku yangu ya tatu shuleni, darasa zima likacheka, na mimi nikatamani kuingia chini ya sakafu. Lakini sijarudia. Mwenye duka akichukua sabuni kwenda nayo nyumbani na mwanafunzi asiandike popote, Mwalimu aliuliza kama sabuni imeota miguu. Na aliyeona fedha nyingi sandukuni akaandika kwamba duka limepata faida, kumbe nusu yake ni mkopo, huyo alipewa mkono wa pongezi mbele ya wenzake, kisha akaambiwa akae chini.

Makosa hayo yote yalimchekesha huku akifoka. Moja tu halikumchekesha. Pande mbili zikikataa kulingana, mwanafunzi mvivu hubuni kiasi kinachopungua na kukichomeka mahali, pande zikalingana, karatasi ikapendeza. Hicho Mwalimu alikiita kiraka. Akikiona alikuwa hafoki tena. Alivua miwani, akakaa, akasema polepole: “Kosa ni kosa, nitalifuta na wewe. Kiraka ni uongo. Sikuja hapa kuwafundisha uongo, huo mnaujua tangu nyumbani.” Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, maana litarudi.

Msije mkadhani alijua kulaumu tu. Alikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwa mwalimu mwingine. Baada ya kila mtihani aliugawanya ubao kwa mstari wa katikati. Upande wa kulia aliandika makosa yetu, na upande wa kushoto mambo tuliyoyaweza. Na hakuandika kosa mpaka apate sifa ya kuliweka mkabala nalo. Kama hakuipata, kosa lilisubiri. Tuliwahi kukaa mpaka kengele ya chakula ikalia yeye amesimama na chaki, anatafuta. “Hamtoki,” alisema. “Vitabu havifungwi upande mmoja.”

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba watoto waliokulia sokoni hujumlisha safu ndefu kwa kichwa kabla mwingine hajanoa penseli. Kwamba watoto wa wenye maduka ya mjini hawakosei mauzo ya mkopo, kwa kuwa wamesikia baba zao wakiyalalamikia kila usiku. Kwamba watoto wa wakulima wa mboga wa Mgeta hawasahau hasara, kwa sababu wanajua nyanya inavyooza njiani, na mistari yao imenyooka kama safu za vitunguu. Mimi nilikuwa sijawahi kusifiwa mbele ya watu. Siku aliyoandika “Tarehe za Kristina hazijawahi kukosekana” niliutazama ubao mpaka ukafutwa.

Sasa nifike kwenye shamba.

Kosa la mwisho katika orodha yake lilikuwa letu sisi wa mlimani peke yetu, na lilimsumbua tangu mwaka wa kwanza. Swali likisema kwamba mfanyabiashara fulani ana duka, ana bidhaa, ana fedha, na ana shamba alilorithi kwa mama yake, watoto wa Uluguru waliandika vyote wakaliacha shamba. Kwetu shamba la namna hiyo ni la ukoo wa mama. Unalilima, unakula, unazeeka juu yake, lakini si lako. Mjomba ndiye mwenye neno, na hata yeye hawezi kulitoa ukooni. Sasa utaliandikaje kuwa mali ya Juma? Kila mwaka Mwalimu alipiga meza. “Sikilizeni nyinyi watu wa mlimani! Kwenye karatasi ya mtihani shamba ni la Bwana Juma. Liandikeni, mpate alama. Mkitoka nje ya mlango, mrudishieni mama yake!” Kila mwaka tuliitikia ndiyo, Mwalimu. Na kila mwaka mkono ulifika pale ukaruka.

Mwezi wa sita mwaka huu tulifanya mtihani uliotoka Dar es Salaam. Swali la nne lilimleta Bwana Juma na shamba lake, tukatakiwa kutafuta mtaji wake. Tulikuwa kumi na mmoja kutoka mlimani, tumepangwa kwa alfabeti, tumechanganyika na wenzetu wa mjini. Nasema ukweli kwamba mimi agizo la Mwalimu nililikumbuka. Nilishika kalamu juu ya karatasi, nikamwona mjomba wangu Gabrieli mwaka ule wa vurugu za matuta, serikali ilipotulazimisha kuyachimba mlimani, amesimama shambani anamwambia bwana shamba, “Mimi hili nimelikuta, nitaliacha.” Sikuandika. Wenzangu kumi nao hawakuandika, kila mmoja mahali pake, na kila mmoja kwa mjomba wake.

Mnaojua hesabu mmekwisha kuona kilichotokea. Karatasi kumi na moja zilitoa mtaji ule ule usio sahihi, uliopungua kwa thamani ya shamba mpaka senti ya mwisho. Mwezi wa nane ikaja barua. Walionakili kumi na mmoja, vyeti vimezuiwa. Na kwa kuwa msimamizi, yaani Mwalimu Rehani mwenyewe, hakuona, basi alishiriki.

Mwalimu Rehani aliingia darasani na barua mkononi, na kwa mara ya kwanza alitufokea kwa haki. “Niliwaambia! Miaka yote hii ninawaambia! Shamba la Juma, shamba la Juma!” Petro, ambaye hakai kimya hata kanisani, alisema, “Shikamoo Mwalimu. Lakini tungenakili kwa nani? Mimi nilikaa kati ya Salehe na Mosi, na wote wawili wamelipata. Mwizi gani anaruka juu ya jibu zuri akachukue baya?” Mwalimu aliikunja barua. Kisha akamwambia akae, kwa sauti ambayo hatukuizoea, ya mtu aliyekubali.

Ofisi ya mkuu wa shule imetenganishwa na darasa letu kwa mbao tu, na mbao zina nyufa. Wiki ile tulisikia yote. Bwana Fransisko, mkuu wetu, hakuwa mkali. Alikuwa anabembeleza, na hilo lilinichoma zaidi. “Rehani, ndugu yangu, sahihi moja tu. Useme ulimwona mmoja akichungulia. Watamfungia yeye, wengine watarudia mtihani, yataisha. Na ile miaka yako miwili ya nyongeza watakupa.”

“Nilimwona nani?”

“Yeyote. Chagua.”

Darasa zima tulikuwa tumeshika kalamu hewani.

“Unataka nibandike kiraka, Fransisko,” Mwalimu alisema polepole. “Kiraka chenye jina la mtoto wa mtu.”

Hakutia sahihi. Mwezi wa kumi ikaja barua nyingine, fupi. Nyongeza ya miaka miwili aliyoahidiwa imefutwa, nyumba ya shule airudishe kabla ya mwaka kuisha. Hiyo ndiyo hiari yake. Na sisi kumi na mmoja tuliendelea kuitwa wezi. Mama yangu aliambiwa hivyo kisimani. Baba yake Petro alimzuia kwenda shule wiki mbili. Mimi sikuwa na la kufanya zaidi ya kuandika barua ambazo sikuzituma, na ninajuta kwamba sikuzituma. Zilikuwa nzuri.

Mwalimu yeye alituma zake. Alimwandikia Mkaguzi wa mitihani kila wiki, kwa wino mwekundu, mpaka Mkaguzi akaja mwenyewe mwezi uliopita, nadhani ili barua zikome. Mwalimu hakubishana naye. Aliwaita watoto wa mwaka wa kwanza, walioanza kujifunza mizania, ile orodha ya mali na madeni, juzi tu, akawapanga uwanjani, kila mmoja mbali na mwenzake kiasi cha kupitisha ng’ombe, akaomba karatasi ya swali la nne.

“Hawa hawajaiona?” Mkaguzi aliuliza.

“Ilikuwa kabatini mwako Dar es Salaam, bwana. Funguo unazo wewe.”

Walifanya juani, Mkaguzi akizunguka kati yao. Watoto wa mjini wengi waliliandika shamba. Watoto wa mlimani, karibu wote, waliliruka, wakatoa mtaji ule ule wetu, hadi senti. Mkaguzi alishika karatasi ya Agnes, binti mdogo wa Kinole ambaye miguu yake haifiki chini akikaa.

“Kwa nini hukuandika shamba?”

“Shamba gani, bwana?”

“Hili hapa. La Bwana Juma, alilorithi kwa mama yake.”

“Hilo si lake, bwana. La kina mama yake.”

“Lakini analilima yeye.”

“Ndiyo,” Agnes alisema kwa upole, kama anamwongoza mgeni njia. “Analilima.”

Mkaguzi alicheka. Alicheka sana, akampiga Mwalimu begani, akasema kumbe ni jambo dogo. Kwangu cheko lile halikuwa dogo. Miezi tuliyobeba jina la wezi haikumgusa hata kidogo. Mtu aliyekosea kuhusu watoto kumi na mmoja aliondoka mwepesi, anacheka, na hakuna aliyemwambia akae chini.

Mwalimu Rehani hakucheka. Alimpeleka darasani kwenye ubao, akapiga mstari wa katikati. Kulia akaandika, “Wameliacha shamba.” Akasimama na chaki kama alivyozoea, na mara hii hakutafuta. Kushoto akaandika, “Hawaandiki kisicho chao.” Akageuka. “Alama za swali hili, bwana, usiwape. Walikosea, niliwaonya, sifuri ni yao. Nimekuita uwafutie jina la wezi tu.”

Jina limefutwa. Vyeti vimetoka. Kati yetu kumi na mmoja, tisa wamefaulu hata bila swali la nne. Petro na mimi tumeanguka, tutarudia mwezi wa sita. Nimekubali, alama ni alama. Safari hii nitaliandika shamba la Bwana Juma, nipate changu, kisha nitoke nje ya mlango nimrudishie mama yake. Nisichokikubali ni kwamba mwezi wa sita atakayesimama mbele yetu ni mwingine. Nyongeza ya Mwalimu haikurudi. Tuliambiwa nafasi imekwisha kupewa mtu na haiwezekani kumsumbua. Kumsumbua Mwalimu Rehani iliwezekana.

Bwana Fransisko aliisoma karatasi hii jana kabla haijaenda kuchapwa. Aliisoma akisimama, kisha akaketi akaisoma tena. Mimi nilitazama sakafu. “Binti,” alisema, “hapa ninasomwa mimi.” Nikasema ndiyo, Mwalimu mkuu. Hilo ndilo neno nililoweza. Akashika kalamu, akaishikilia pale palipoandikwa jina lake, muda mrefu. Kisha akaifunga. “Iache. Mimi nilisema chagua. Nilisema.” Ndiyo maana mnaisoma ikiwa nzima, na kwa hilo ninamshukuru, ingawa hasira yangu kwake haijaisha.

Shule inampa Mwalimu Rehani saa ya ukutani. Nyumba ya kuitundika saa hiyo haimpi. Habari hizo zilipanda mlima, zikamfikia mjomba Gabrieli, naye ametuma neno ambalo ameniamuru nilitangaze, mimi nisiyetangaza kitu. Ukoo wetu unamkaribisha Mwalimu Rehani na Bi Mwanaasha Matombo, kwenye kipande cha kando ya mto chenye migomba inayozaa na mahali pazuri pa kujenga. Atalima, atakula, atazeeka hapo. Kila mwaka ataleta ngoto, ile zawadi ndogo ya heshima anayotoa mtu anayelima ardhi ya ukoo usio wake, na mjomba amesema kuku mmoja anatosha, hata akiwa mwembamba. Bi Mwanaasha amekwisha kuuliza nani atambeba na magoti yake, na kama huko mlimani kuna samaki. Petro amejitolea kubeba magoti. Samaki bado tunatafuta.

Mwalimu, kwa niaba ya wanafunzi wote wa Shule ya Ukarani ya Mtoni, waliofaulu na tuliobaki, ahsante kwa ubao uliougawanya pande mbili. Ahsante kwa kufoka, na kwa siku ile moja uliyoongea polepole nyuma ya mbao. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na wajukuu wasiovaa viatu kinyume. Ukiwa Matombo, jioni ukakaa kuandika vitabu vyako mwenyewe, maana tunajua utaviandika, andika saa, andika jembe, andika kuku. Lile shamba, Mwalimu, liruke.